Gunia la Kimea la Bibi Yako

Sumbawanga, jioni ya kuamkia safari yako

Binti yangu Atupele,

Barua ninazofundisha darasani huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua: umenuna. Na yangu unaijua, kwa kuwa nami nimenuna, na katika nyumba ya vyumba viwili hakuna mtu anayeweza kununa kwa siri. Tangu Jumapili tunaombana chumvi kwa kupitia mama yako. Kesho alfajiri basi la Mbeya litaondoka, likipenda, na huko utapanda treni mpaka Dar es Salaam, chuo kikuu. Sitaki uondoke hivi. Nataka uondoke na radhi yangu, na kwa kuwa mdomo umeshindwa kuitoa, nimeona niupe mkono nafasi.

Umekwenda kijijini Pito kumuaga bibi yako, mama yako yuko jikoni anakaanga karanga zako za njiani, nami nimejifanya nasahihisha madaftari. Habari za foleni ya sabuni, na za wezi wa pochi, na za vijana wa Dar wenye suruali za bugaluu zilizopanuka chini, mama yako amekuhubiria wiki nzima, na mengine nimeyasikia hata mimi nikaogopa. Sitaongeza neno.

Ninataka kukueleza kwa nini nilipiga meza.

Tulikuwa tumetoka kanisani, tunakula. Ukasema kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa: "Baba, ile nafasi ya udaktari nimeomba wanibadilishie. Nataka kusoma mbegu. Namna mbegu inavyoamka." Nami nikasema maneno ambayo majirani wa pande zote mbili wanaweza kukukariria: "Nimekusomesha miaka yote hii ukasomee pombe?" Ndipo nikapiga meza, na kikombe cha mama yako cha harusi kikapoteza mkono.

Mama yako anadhani nilikasirika kwa sababu ya udaktari. Ni kweli kiasi. Tangu majibu ya kidato cha sita yatoke, mimi mjini hapa ni Baba Daktari. Nikipita sokoni watu wananitolea ndimi niwatazame. Yule mzee wa Kirando anayeuza dagaa alikwisha kuniletea fungu zima kwa ajili ya ngiri inayomsumbua, ili siku ukirudi na kisu uanze na yeye. Dagaa wenyewe tumekula. Wewe ulikula wengi. Sasa nitamwambia nini? Kwamba daktari wake amekwenda kutibu ulezi?

Lakini si hilo lililonipandisha. Nilidhani unanicheka.

Hadithi ya gunia umeisikia kwa wajomba zako, kwa watoto wa shule, na nasikia hata kwa kondakta mmoja wa basi. Kwangu hujawahi kuisikia. Basi isikie kwa mwenyewe.

Mimi nilizaliwa Rungwe katika nyumba ya mzee wa kanisa. Kwetu pombe haikunywewa, haikutajwa, na mtungi uliowahi kuiweka haukuingia ndani hata kwa kutekea maji. Ndiyo maana nilifika Ufipa nikiwa mwalimu mwenye cheti cha sayansi na sikujua kimea ni nini, wala baadaye sikuuliza. Kila mtoto wa Pito anajua kwamba ulezi unalowekwa, unafunikwa mpaka uchipue, unaanikwa juani ukauke, ndipo unasagwa kuwa kimea cha pombe. Mimi nilijua mapafu ya chura.

Ilikuwa mwanzo wa vijiji vya ujamaa. Shule ilipewa shamba pamoja na kijiji, na mimi nikapewa usimamizi kwa sababu nilikuwa na kijitabu cha kilimo cha kisasa na hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Mbegu za ulezi zikachelewa kuletwa. Nikakumbuka kwamba nimeona gunia limejaa ghalani kwa mama mkwe, bibi yako. Nikasema, mali ya mkwe ni mali ya taifa, nikachukua baiskeli.

Nilimkuta ameketi mbele ya ghala. Unajua adabu ya pale, mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawaelekezani maneno. Nikamwamkia kwa mbali, akaitikia akiutazama ukuta. Nikasema naazima gunia kwa kazi ya kijiji, nikalifungua. Punje zilikuwa na vijimizizi vilivyonyauka, nami nikafurahi sana. Nikasema moyoni, hizi ndizo mbegu zenye haraka ya maendeleo.

Nilipolibeba, bibi yako akaanza kumkemea kuku mweusi aliyekuwa anachakura mbele yake. Alimkemea kwa Kifipa, kwa kirefu, akimnyooshea kidole, na sauti ilipanda kadiri nilivyoikaribia baiskeli. Kifipa changu wakati ule, hata baada ya miaka ya ndoa, kilitosha kuomba moto tu. Nikaona mama mzima anasumbuliwa na kuku, na mkwe mwema hawezi kupita hivi hivi. Nikaweka gunia chini, nikamfukuza yule kuku mpaka nyuma ya nyumba, nikarudi, nikaaga kwa heshima zote, nikaondoka na kimea.

Baadaye sana mama yako alinitafsiria alichoambiwa kuku. "Wewe kuku, mwambie huyo msomi kwamba hilo gunia limekwisha kuota. Halipandwi. Ni la pombe ya watu watakaokuja kunilimia. Mwambie, kuku, mbona unanyamaza?"

Tulipanda kwa kamba, mistari iliyonyooka kuliko barabara ya Mbeya. Wazee wa Pito, ambao hulima matuta yao ya mviringo na kufukia majani ndani yaoze, walisimama pembeni wakitutazama. Nikasimika ubao: SHAMBA LA MFANO. Mvua ikaja nzuri. Magugu yakaja mazuri. Ulezi haukuja. Nililaumu udongo, nikalaumu panya, nikalaumu darasa la sita kwa kufukia chini mno. Mwenyekiti wa kijiji alikuja akautazama ubao, akalitazama shamba, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Ndugu Mwalimu, hili ni mfano wa nini?"

Siku ya kazi ya bibi yako ikafika. Watu walikuja na majembe wakaulizia pombe, wakaambiwa imepandwa na mwalimu. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Halafu wakarudi makwao, maana mtu halimi shamba la mwenzake kwa kicheko peke yake, na mwaka ule bibi yako alilimiwa na mama yako na mimi, mikono ikinitoka malengelenge.

Na wewe ulikuwepo, darasa la kwanza, magoti meupe kwa vumbi. Kabla watu hawajatawanyika ukaniuliza kwa sauti, mbele ya wote: "Baba, mbegu ikiamka halafu ikalala tena, kwa nini haiamki mara ya pili?" Kicheko kikaanza upya. Siku hiyo nikawa Mwalimu Kimea, na nimekuwa Mwalimu Kimea mpaka leo. Mimi nikakukodolea macho nikasema, "Nyamaza."

Kwa hiyo Jumapili uliposema unataka kusoma namna mbegu inavyoamka, sikusikia mtoto anayezungumza habari za chuo. Nilisikia kijiji kizima kinacheka.

Wewe hukunijibu. Ulifanya kama bibi yako: ulianza kumwambia mtu mwingine ili mimi nisikie. (Mama yako asiione sehemu hii, maana katika mpango huo kuku alikuwa yeye.) Uliomba punje za ngano kwa jirani, ukazikata katikati kwa wembe wangu wa ndevu, na nilijua kuwa ni wembe wangu. Nusu zenye kiinitete, kile kijimche kilicholala ndani ya punje, ukazilaza kwenye kisahani kimoja cha uji wa wanga ulioganda. Nusu zisizo nacho ukazilaza kwenye kingine. Mimi nilikuwa chumbani na gazeti. Lile gazeti nimelisoma wiki nzima, hata mama yako akaniuliza kama kuna tangazo la msiba wa kwetu ndani yake.

"Mama," ulisema kwa sauti ya kuhutubia mkutano, "kila seli ya mwili wako ina kitabu kizima. Ya jicho, ya ini, zote zina maagizo yote."

"Sasa mbona jicho halitoi nyongo?"

"Kwa sababu kurasa nyingi zimefungwa. Kila seli inasomewa kurasa zake. Na anayezisoma ni kimeng'enya kimoja kinaitwa RNA polimerasi."

Mama yako akasema hilo ni jina la dawa ya kuogeshea ng'ombe, mkakubaliana aitwe mnakili. Nikasikia, gazeti likiwa usoni, jinsi mnakili anavyotafuta mahali pa kuanzia, mlango ulioandikwa mbele ya jeni, yaani ukurasa wenye agizo moja. Jinsi anavyoufungua uzi wa DNA uliosokotwa maradufu, kidogo tu, pale alipoushika. Anavyousoma upande mmoja herufi kwa herufi huku akiunga nakala ya RNA. Na nyuma yake uzi unajifunga tena kana kwamba hakupita mtu. Akifika kwenye alama ya mwisho anaiachia nakala na kwenda zake. Nakala inatoka nje ya kiini cha seli, protini inatengenezwa kwa kuifuata, halafu nakala hiyo inavunjwavunjwa. Kitabu chenyewe hakitoki.

"Huyo mnakili ana akili?"

"Hana, mama. Anategemea anachokikuta mlangoni. Kuna protini zinazomvuta aanze, na kuna zinazomkalia njiani. Bakteria fulani wa tumboni, kama hakuna sukari ya maziwa, ana kizuizi kimekaa mlangoni, na jeni ya kuivunja sukari hiyo hainakiliwi. Sukari ikiingia inakishika kile kizuizi, kinaachia, mnakili anapita."

"Kwa hiyo hapiki mpaka mgeni afike na unga wake."

"Ndiyo. Kupika ni gharama."

"Basi ana akili kuliko duka la kijiji kule kwetu Pito," mama yako akasema. "Lile linafunguliwa sukari ikiisha."

Hapo nilicheka, nikageuza kicheko kuwa kikohozi, ila najua hamkudanganyika. Siku iliyofuata ulifika kwenye wanakili watatu, kwamba viumbe kama sisi tunao wa aina tatu, na wa pili ndiye anayenakili maagizo ya protini. Ukaongeza kwamba kuna uyoga wa sumu huko Ulaya ambao sumu yake inamkaba huyo wa pili asisogee, mpaka ini la mtu linakufa. Nawe ulijua kabisa kwamba jioni ile bibi yako alikuwa ametuletea uyoga. Mlikula mkajilamba vidole. Mimi nilikula maharage ya juzi.

Kisha ukafika kwenye mbegu, nami nikaacha kugeuza kurasa za gazeti. Ulisema punje kavu imelala na kitabu chake. Maji yakifika, kiinitete kinapeleka ujumbe, homoni, kwa seli zilizo chini ya ganda. Ujumbe ukifika, mlango wa jeni ya kimeng'enya cha kuvunja wanga unafunguka, mnakili anakaa pale ananakili tena na tena, kimeng'enya kinamwagika, wanga unakuwa sukari, mche unakula. Mpika pombe anaikatiza kazi hapo hapo kwa jua. Mche unakufa, kimeng'enya kinabaki, na ndicho anachokitaka.

"Lakini mbegu ilikuwa kavu tangu mwanzo na haikufa," mama yako akasema. "Kwa nini ukavu wa pili ndio uiue?"

"Ikilala inajua kuvumilia ukavu. Ikishaamka, uvumilivu ule unapotea. Kurasa zake zimefungwa. Nani amezifunga, na kwa nini hazifunguki tena, nilimuuliza mwalimu wetu wa kidato cha sita, akasema hajui. Ndilo ninalokwenda kulitafuta."

Ulisema hivyo, na mama yako ameniambia kwamba hukuwa unamtazama yeye. Ulikuwa unautazama mlango wa chumba changu.

Mlipokwenda kisimani baada ya wewe kuvidondoshea visahani iodini, dawa inayougeuza wanga kuwa mweusi, niliingia jikoni. Katika kisahani cha kwanza uji ulikuwa umegeuka bluu nyeusi, ila chini ya kila nusu yenye kiinitete palikuwa na duara lisilo na weusi, mahali wanga ulipokwisha kuliwa. Katika kisahani cha pili, weusi mtupu. Nusu zile zilikuwa na wanga, zilikuwa na maji, zilikuwa na seli zenye kitabu kizima. Ila hakuna aliyeziambia. Nilisimama pale na visahani viwili mikononi, mwalimu wa sayansi mwenye mvi, nikamkumbuka yule kuku. Bibi yako alitoa ujumbe kamili, kwa sauti kubwa, wenye kila kitu ndani yake. Aliyeupokea ni kuku.

Sasa makosa yangu. Gunia nimekwisha kulisamehe. Nalicheka hata mimi nikiwa peke yangu kwenye baiskeli. Kosa ni lile neno "nyamaza." Uliniuliza kitu ambacho sikuwa na jibu lake, na badala ya kusema sijui, nilikunyamazisha ili nisionekane mjinga mara mbili kwa siku moja. Na neno lenyewe lilinikaa vizuri mdomoni. Nimewaambia watoto wengi sana tangu hapo, kila walipouliza kisichokuwa ubaoni. Mimi naandika, wao wananakili, kengele inalia. Nilidhani huko ndiko kufundisha.

Nimepata faraja moja tu, nayo nimeipata nikichungulia visahani vyako. Ulisema kizuizi hakiuchani ukurasa, kinaukalia tu. Swali lako nimelikalia tangu ukiwa na magoti ya vumbi, na bado liko zima, herufi kwa herufi. Naona haya, Atupele. Na nina furaha ambayo sijui niipeleke wapi, ndiyo maana naiandika.

Nina hofu pia, nisikufiche. Nahofu utarudi huku ukitutazama kwa macho ya mgeni, na ugali wa ulezi utakukwama kooni. Lakini nimejiambia kwamba jicho halikuwa jicho mpaka kurasa nyingi zilipofungwa. Funga zinazotaka kufungwa, mwanangu. Ila usichane.

Jana nilipoaga kwamba naenda kwenye kikao cha walimu, hakukuwa na kikao. Nilikwenda Pito. Bibi yako alikuwa anapepeta. Nikapiga magoti mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake nikamwelekezea swali yeye mwenyewe, nikimtazama: "Mama, naomba ulezi kidogo wa mtoto. Na naomba uniambie, huu ni mbegu au ni kimea?"

Ungo ulisimama. Nilidhani nimevunja kitu kisichoungika. Akaangalia huku na huku mpaka akampata kuku. Si yule mweusi, yule aliliwa zamani, labda ni kitukuu chake. Akamwambia kwa Kiswahili, polepole, kila neno peke yake, ili safari hii kusiwe na makosa:

"Wewe kuku. Mwambie mkwe wangu hii ni mbegu. Mwambie inaota. Na mwambie mtoto akasome anachokitaka, mimi pombe yangu nilikwisha kuisamehe."

Nikamwambia kuku asante. Bibi yako alifunika uso kwa ungo, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kifuko cha ulezi kiko chini kabisa ya sanduku lako la bati, ndani ya soksi yangu, safi. Ni mkavu, haujaguswa na maji. Mzee wa dagaa nitaongea naye mimi. Ukilipata jibu la swali lako, niandikie, na usipolipata niandikie pia, nitawaambia darasa langu kwamba hata chuo kikuu bado hawajui. Nataka wasikie mwalimu akisema hivyo.

Nasikia mlango, umerudi. Mama yako anakuuliza kama bibi hajambo, na wewe unajibu kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtu aliye jikoni. Nimekusikia, binti yangu. Radhi yangu unayo yote.

Ni mimi baba yako,

Mwalimu Kimea